Ukipumzika, Nguvu Zinarudi?

Mazungumzo ya leo nimeyatenga kwa ajili ya watu wanaosema kila siku kwamba wamechoka, na kwa ajili ya wale wanaoishi nao nyumba moja.

Nianze na tukio la kweli. Tarehe 13 Julai 1955, katika hospitali ya Royal Free jijini London, walilazwa watumishi wawili wa hospitali hiyohiyo, daktari mmoja na muuguzi msimamizi wa wodi. Siku chache baadaye wenzao nao walikuwa wakiugua mmoja baada ya mwingine: kichwa kinauma, koo linauma, kizunguzungu, misuli inauma, mikono na miguu haina nguvu. Tarehe 25 Julai hospitali ikafungwa, na haikufunguliwa mpaka tarehe 5 Oktoba. Hesabu ilipofanywa, watumishi 292 walikuwa wameugua. Kati ya wagonjwa waliokuwa wamelazwa mle kwa maradhi mengine, waliopatwa ni 12 tu.

Wengi walipona, lakini wapo ambao hawakurudi katika hali yao ya zamani. Dk. Melvin Ramsay, bingwa wa magonjwa ya kuambukiza katika hospitali hiyo, aliwafuatilia wagonjwa wa aina hii kwa miaka mingi. Akaandika jambo ambalo ndilo kiini cha mazungumzo yetu leo. Misuli ya wagonjwa hawa ilichoka kwa juhudi ndogo sana, kisha zikapita siku tatu, nne, tano au zaidi kabla ya nguvu kurudi. Mwaka 1956 jarida la kitabibu la Lancet likapendekeza ugonjwa huu uitwe mialjiki ensefalomielitisi, jina linalotaja maumivu ya misuli pamoja na uvimbe katika ubongo na uti wa mgongo. Kwa kifupi unaitwa ME. Mwaka 1969 Shirika la Afya Duniani likauweka katika orodha ya magonjwa ya mfumo wa neva.

Hata hivyo, mwaka uliofuata, 1970, madaktari wawili wa magonjwa ya akili nchini Uingereza walichukua mafaili ya wale watumishi wa Royal Free, wakayasoma bila kuwahoji wagonjwa wenyewe, wakahitimisha kwamba ile ilikuwa histeria, taharuki ya kundi iliyoanzia akilini. Moja ya sababu walizotoa ni kwamba wengi wa waliougua walikuwa wanawake. Maoni hayo yalisambaa haraka kuliko yale ya Dk. Ramsay aliyewagusa wagonjwa kwa mikono yake. Mwaka 1988, baada ya mlipuko mwingine katika mji wa Incline Village jimboni Nevada, wataalamu wa Marekani wakauita ugonjwa wa uchovu sugu. Siku hizi majina hayo mawili huandikwa pamoja.

Wasikilizaji, ninalotaka kusema leo ni hili. Uchovu wa kazi nyingi ni jambo moja, na ugonjwa wa ME ni jambo jingine, na kinachomponya mtu wa kwanza kinaweza kumlaza kitandani mtu wa pili. Anayeyachanganya mawili haya humuumiza mwenzake hata kama nia yake ni njema kabisa.

Tuanze kwa kuuheshimu uchovu wa kazi, maana si jambo dogo. Mfikirie muuguzi aliyeunganisha zamu ya mchana na ya usiku kwa sababu mwenzake hakuja. Mfikirie dereva wa lori anayepeleka mzigo kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma na anatakiwa ageuze haraka. Mfikirie mama lishe anayewasha moto saa kumi alfajiri, anauza chai, anauza chakula cha mchana, na jioni anarudi nyumbani kupikia watoto. Mwezi Mei 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba katika mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo uliotokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Ukilinganisha na mtu anayefanya kazi saa 35 hadi 40, hatari ya kiharusi ilikuwa kubwa zaidi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema kwamba kuchoka kwa kazi ni kujidekeza. Kazi huua.

Upo pia ule uchovu wa kazi unaofika hadi rohoni. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliutaja kuwa hali inayotokana na msongo wa kazini ambao haukushughulikiwa, likasema wazi kwamba si ugonjwa. Dalili zake ni tatu. Mtu anaishiwa nguvu. Anajitenga na kazi yake moyoni, au anaichukia. Na anaona kwamba hata anachofanya hakina tija tena. Mwalimu aliyekuwa akipenda darasa lake sasa anahesabu dakika za kipindi. Daktari aliyekuwa akiwasikiliza wagonjwa sasa anaandika dawa bila kuinua macho.

Lakini uchovu wa kazi, hata ukiwa mkubwa kiasi gani, una njia yake inayoeleweka. Ulikuja polepole, kadiri kazi zilivyoongezeka. Mtu anaweza kukuonyesha ulikotoka: ni tangu tupunguzwe ofisini, ni tangu nianze kazi ya pili. Na ukimwondolea mzigo, akalala, akala vizuri, akakaa na watu wake, nguvu huanza kurudi. Kwa aliyejichosha miaka mingi inaweza kuchukua miezi, lakini mwelekeo ni wa kupanda. Wiki ya tatu ni bora kuliko ya kwanza. Akipata nafuu kidogo, kutembea jioni na mazoezi mepesi humsaidia zaidi.

Ndiyo maana sheria zikaweka mipaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, na kila mwaka mfanyakazi apate likizo ya siku 28. Nyuma ya hesabu hizo kuna imani sahihi kwamba mwili ukipewa nafasi hujirudishia ulichotoa. Najua dereva wa bodaboda na mama lishe hawana wa kuwapa likizo. Tatizo lao ni kwamba mapumziko hawayapati. Wangeyapata, miili yao ingeyatumia.

Sasa tuje kwa ME. Hapa ndipo ninapowaomba msikilize kwa makini, kwa sababu ile imani sahihi kuhusu mapumziko inavunjika.

Kwa wagonjwa wengi, ME huanza baada ya maambukizi. Katika wilaya ya Dubbo nchini Australia, watafiti waliwafuatilia watu 253 tangu walipougua moja ya magonjwa matatu: homa ya tezi inayoletwa na virusi vya Epstein-Barr, homa ya Q, na homa ya virusi vya Ross River. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Baada ya miezi sita, takribani watu 11 katika kila 100 walikuwa na hali hii ya uchovu sugu. Kilichotabiri nani atapatwa kilikuwa ukali wa ugonjwa wa mwanzo. Historia yake ya kiakili haikutabiri, wala umri wake wala jinsia yake. Na tangu mwaka 2020, wengi waliobaki na athari za muda mrefu za UVIKO wana dalili zilezile zinazotajwa katika vigezo vya ME.

Mgonjwa mara nyingi anakumbuka ilivyoanza. Anakwambia, nilipata homa mwezi wa tatu, nikadhani ni mafua, na tangu siku ile sijawa mimi. Alikuwa anacheza mpira, au anafundisha, au anauza duka. Hakuwa mtu wa kulala.

Dalili inayoutambulisha ugonjwa huu kuliko zote ni mporomoko unaokuja baada ya juhudi. Nasema juhudi, wala sisemi kazi ngumu. Juhudi yaweza kuwa kuoga na kuosha nywele. Yaweza kuwa kukaa na wageni saa mbili. Yaweza kuwa kusoma barua ndefu, au kusikiliza mabishano. Siku ile ile anaweza kuonekana mzima, akacheka, akasimulia. Mara nyingi mporomoko huja baada ya saa 12 hadi 48. Aliyepokea wageni Jumanne, Alhamisi hawezi kuinuka. Koo linauma, tezi zinavimba, misuli inauma, mwanga unamchoma macho, sauti ya redio inamtesa, neno alilotaka kusema limepotea. Hali hiyo huweza kudumu siku, wiki, na wakati mwingine miezi.

Wasikilizaji wa Tanzania mnaijua mikopo ya kausha damu. Mtu anakopa fedha kidogo kwa shida ya siku moja, riba inapanda, anakuja kulipa mara kadhaa ya alichochukua, na asipolipa anaondolewa vyombo vya ndani. Hivyo ndivyo mwili wa mgonjwa wa ME unavyomkopesha nguvu. Unampa saa mbili za arusi ya mdogo wake, kisha unamdai wiki mbili za kitanda. Aliyechoshwa na kazi, yeye anatumia akiba yake mwenyewe, na akiba hiyo inaweza kuwekwa tena.

Kwa sababu mporomoko huchelewa, mgonjwa mwenyewe anaweza asiuhusishe na alichofanya juzi. Atasema ni hali ya hewa, ni chakula, ni malaria. Anakwenda kupima malaria, haipo. Anapima taifodi, anapewa dawa. Dawa inakwisha, anajisikia afadhali kidogo kwa kuwa alilala wiki nzima, anarudi kufanya shughuli zake, siku mbili baadaye yuko chini tena. Mzunguko huo unaweza kwenda miaka bila mtu yeyote kuuona kwa ujumla wake.

Kuna dalili nyingine. Analala kwa muda wa saa kumi, kisha anaamka akiwa kama hakulala. Akili inakuwa na ukungu: mhasibu anashindwa kujumlisha, mwalimu anasahau majina ya wanafunzi wake. Akisimama muda mrefu kwenye foleni, moyo unakwenda mbio, kichwa kinazunguka, lazima akae au alale. Karibu robo ya wagonjwa hufikia hali mbaya zaidi, hawatoki nyumbani, na wengine hawatoki kitandani.

Kuna ushahidi mwilini. Watafiti huwapandisha watu kwenye baiskeli ya kupimia pumzi siku mbili mfululizo. Mtu asiye mgonjwa, hata asiye na mazoezi kabisa, siku ya pili hutoa matokeo yanayokaribiana na ya siku ya kwanza. Kwa wagonjwa wengi wa ME, siku ya pili uwezo wa mwili wa kuzalisha nguvu hushuka. Mwaka 2024, watafiti wa Amsterdam walichukua vipande vidogo vya misuli ya watu wenye UVIKO wa muda mrefu waliokuwa na mporomoko huu, kabla na baada ya mazoezi, wakaona misuli imeathirika zaidi baada ya mazoezi. Mwaka 2025, utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Edinburgh, uliochunguza vinasaba vya wagonjwa zaidi ya 15,000, ulitaja maeneo manane yanayotofautiana na ya watu wasio na ugonjwa, mengine yakihusu kinga ya mwili na mfumo wa neva. Bado hakuna kipimo kimoja cha damu cha kusema huyu ana ME na huyu hana. Daktari hutegemea historia ya mgonjwa na kuondoa magonjwa mengine moja baada ya jingine.

Basi tutatofautishaje? Mwaka 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipitia maelfu ya machapisho na kutoa vigezo. Ilisema mtu awe amepungukiwa sana uwezo wa kufanya aliyoyafanya zamani kwa zaidi ya miezi sita, uchovu wake uwe mpya, usiwe matokeo ya kuendelea kujitumikisha kupita kiasi, na usipungue sana kwa kupumzika. Kisha uwepo mporomoko baada ya juhudi na usingizi usioburudisha, pamoja na ukungu wa akili au kushindwa kusimama. Kutokana na vigezo hivyo, na kutokana na wanayoyasema wagonjwa, mimi nawapa maswali manne ambayo kila mtu anaweza kuyauliza.

La kwanza, ilianzaje? Uchovu wa kazi unapanda ngazi polepole na kazi yenyewe. ME mara nyingi ina mwezi, ina wiki, wakati mwingine ina siku, na nyuma yake kuna homa.

La pili, ukipumzika, nguvu zinarudi? Mpe likizo ya kweli, si ile ya kwenda kulima shamba la nyumbani. Aliyechoshwa na kazi atarudi na kitu. Mwenye ME atarudi kama alivyoondoka, au amepata unafuu unaoyeyuka siku anapoanza tena shughuli.

La tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, ukijitahidi leo, kesho na keshokutwa unakuwaje? Aliyechoka kwa kazi atasema nilitembea jioni, nikalala vizuri, nikaamka mwepesi. Mwenye ME atakwambia habari ya ile Alhamisi ya kushindwa kuinuka.

La nne ni la hamu. Ungeamka kesho ukiwa mzima, ungefanya nini? Aliyechoshwa na ofisi mara nyingi atataja chochote isipokuwa kazi ile. Mwenye sonona anaweza akashindwa kutaja kitu, kwa kuwa hamu yenyewe imeondoka. Mwenye ME atakupa orodha ndefu, na kazi aliyoiacha imo humo. Hamu anayo, nguvu za kuifuata hana. Hata hivyo swali hili lisitumike peke yake, maana mtu anaweza kuwa na ME na sonona kwa pamoja, na zote mbili zinastahili tiba.

Lakini, ndugu msikilizaji, usitoke hapa ukajipa jina la ugonjwa mwenyewe. Uchovu wa muda mrefu ni dalili ya maradhi mengi, na mengi kati ya hayo yana tiba. Upungufu wa damu, hasa kwa kina mama wanaopata hedhi nzito. Tezi ya shingo isiyofanya kazi ipasavyo. Kisukari. Homa ya ini. Virusi vya UKIMWI. Kifua kikuu. Ukiona unakonda bila sababu, unatokwa jasho jingi usiku, unakohoa wiki mbili na zaidi, usiseme ni kazi, wala usiseme ni ME. Nenda kapime makohozi. Ni msiba mtu kufa na kifua kikuu kinachotibika huku akiambiwa apumzike.

Sasa niseme kwa nini kuchanganya mambo haya kunaumiza. Kwa miaka mingi, wagonjwa wa ME katika nchi za Magharibi waliambiwa kwamba tatizo lao ni mwili uliolegea kwa kukosa mazoezi na akili iliyoogopa kujituma. Wakaandikiwa mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua bila kujali wanavyojisikia. Mwaka 2011 Lancet lilichapisha utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao PACE, wenye washiriki 641, uliosema kwamba mazoezi hayo na tiba ya mazungumzo husaidia. Wagonjwa walipinga, na wanasayansi wakaungana nao wakihoji namna nafuu na kupona kulivyopimwa. Ubishi ulichukua miaka kumi. Tarehe 29 Oktoba 2021, taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza, ilitoa mwongozo mpya: wagonjwa wa ME wasipewe mpango wa mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba isiyobadilika, na tiba ya mazungumzo itumike tu kumsaidia mtu kuishi na hali yake, isidaiwe kuwa inaponya. Kwa miaka yote hiyo walikuwepo watu walioingia katika programu hizo wakitembea, wakatoka wakiwa hawawezi kupanda ngazi.

Upande wa pili nao una madhara yake. Mfanyakazi aliyechoshwa na zamu akiambiwa ana ugonjwa, mwajiri anapumua. Tatizo limehamishwa kutoka kwenye ratiba ya kazi likawekwa mwilini mwa mtu. Atatundikiwa dripu za vitamini, atameza vidonge, na Jumatatu atarudi kwenye saa zilezile. Tiba yake halisi ni kuongezewa wenzake, kulipwa saa za ziada, kupewa likizo yake. Kwa hiyo ninapowatetea wagonjwa wa ME siwapunguzii haki wale waliochoshwa na kazi. Kila mmoja anadai haki ya aina yake, na hakuna atakayeipata iwapo tutawaweka wote katika kapu moja.

Kwa mwenye ME, dawa ya kuuponya ugonjwa bado haijapatikana. Zipo dawa za kutuliza maumivu, kusaidia usingizi, kusaidia moyo unaokwenda mbio mtu anaposimama. Msingi wa yote ni kujipimia: kujua kiasi cha shughuli ambacho mwili unakubali na kusimama kabla ya kukifikia, hata siku unapojisikia vizuri. Siku ya kujisikia vizuri ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa ndipo mtu anapotaka kufua nguo za wiki nzima. Kaa unapomenya viazi. Kaa unapooga. Gawa kazi moja katika vipande, na kati ya kipande na kipande lala bila simu mkononi.

Na hapa nazungumza na familia zetu, maana kujipimia hakuwezekani mtu akiwa peke yake. Sisi tumelelewa kwenda kumjulia hali mgonjwa. Ni desturi njema na sitaki ife. Lakini kwa mwenye ME, maneno ya saa nzima, hata yawe matamu, ni juhudi. Atajikaza kwa heshima ya mgeni, atatabasamu, na mgeni atatoka akisema mbona mzima kabisa. Gharama yake mgeni haioni, inalipwa keshokutwa. Basi mtembelee kwa dakika kumi. Muulize kabla ya kwenda. Mpelekee chakula, mfulie, mchotee maji, uondoke. Huko ndiko kumjulia hali kunakomfaa.

Vivyo hivyo katika misiba na arusi. Kwetu mtu asiyeonekana msibani hujengewa jina baya, na wagonjwa wengi huogopa jina hilo kuliko wanavyoogopa mporomoko. Wanakwenda, wanakaa mkekani tangu asubuhi, wanarudi nyumbani wamebebwa. Wazee wa ukoo wana uwezo wa kuliondoa hili kwa sentensi moja mbele ya watu: huyu anaumwa, ameruhusiwa kutofika, na rambirambi zake tumezipokea. Sentensi hiyo haigharimu chochote, na inaweza kumwepusha mtu na mwezi mzima wa kitanda.

Wapo watakaosema huyu ni mvivu tu, au amerogwa, au anatafuta huruma. Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ugonjwa usioonekana kwa macho hujulikana kwa kumsikiliza anayeugua. Usimwamshe kwa maneno ya kumchangamsha. Usimlazimishe kukimbia asubuhi kwa kuwa wewe mazoezi yalikusaidia. Yalikusaidia kwa sababu mwili wako uliweza kuyapokea.

Wazazi na walimu, watoto nao hupata ME. Mtoto aliyekuwa mchangamfu, akaugua homa, kisha akaanza kukosa shule siku mbili mbili kila baada ya michezo au mitihani, asichapwe wala asiitwe mtoro. Andikeni siku anazokosa na mliangalie jambo lililotangulia kila moja.

Waajiri, mfanyakazi mwenye hali hii anaweza kubaki kazini akipewa kiti badala ya kusimama, saa chache badala ya siku nzima, ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani, na chumba cha kujinyoosha mchana. Asipopewa, mtampoteza mtu mwenye ujuzi kwa kitu kidogo.

Na wewe uliyechoka unayenisikiliza sasa hivi, chukua daftari. Kwa wiki mbili andika kila siku mambo matatu: ulichofanya, ulivyolala, na ulivyojisikia kesho yake na keshokutwa. Kisha nenda nalo kituo cha afya. Dakika za daktari ni chache na foleni ni ndefu, lakini kurasa chache zinazoonyesha kwamba unaanguka siku mbili baada ya kila shughuli zitamwambia mengi ambayo neno nimechoka haliwezi kumwambia. Kama daftari linaonyesha kwamba unafanya kazi saa 70 kwa wiki na Jumapili ukilala unaamka mzima, basi nalo limekupa jibu, na jibu hilo ulipeleke kwa msimamizi wako au kwa chama chako cha wafanyakazi.

Madaktari na wauguzi mlio hewani pamoja nasi, ombi langu kwenu ni dogo. Mgonjwa akiwaambia amechoka, na vipimo vyote vimerudi safi, msimwambie hana kitu. Muulizeni kwanza juzi alifanya nini, na kesho yake alikuwaje. Swali hilo halihitaji mashine wala umeme, linaweza kuulizwa katika zahanati yoyote, na kwa mgonjwa aliyezunguka miaka akitiliwa shaka, ndipo matibabu yake yanapoanzia.